Msafara wa Saa Kumi na Moja

Ngazi za nyuma, kutoka ghorofa ya pili hadi mlango wa uani, zilikuwa kumi na saba. Futi alizihesabu kwa mara ya nne asubuhi ile ya Alhamisi, maana mara tatu za kwanza hazikumwambia kitu.

Jina la Futi alilipata akiwa polisi, kwa tabia yake ya kutembea na futi ya kupimia mkobani na kumbana kila shahidi aliyesema "karibu hivi" au "mbali kidogo". Kazi ya polisi alishaiacha miaka sita iliyopita, lakini jina likakataa kustaafu. Siku hizi alikuwa akimfanyia upelelezi wakili mmoja mwenye ofisi ndogo na sauti kubwa.

Alichokuwa anakijua kuhusu kesi hii kilienea ukurasa mmoja. Wiki saba nyuma, saa nane mchana, binti wa miaka ishirini na mitatu, mpiga pasi wa karakana ya ushonaji ghorofa ya pili, alishuka ngazi hizi na bakuli la chakula mkononi. Walimkuta kwenye ngazi ya tisa, ameshakata roho. Aliyemuua alikamatwa siku ya tatu akiuza simu ya marehemu, akakiri bila kubanwa, na kesi yake ilikuwa ikienda zake kwenye mahakama nyingine. Alipoulizwa kwa nini alichagua jengo lile, alijibu kwamba mlango wa nyuma haufungi na kila mtu anajua.

Hapo kwenye "kila mtu" ndipo penye kazi. Mahakama haimjui kila mtu.

"Mwenye jengo si mlinzi wa dunia," wakili alikuwa amemweleza. "Mwizi wa kwanza akiingia, humlaumu, angejuaje? Wa pili akipita mlango uleule, hapo mwenye jengo ana la kujibu, ilimradi tuonyeshe alijua habari za wa kwanza. Kwa hiyo nitafutie mwizi wa kwanza, Futi. Na unitafutie aliyeambiwa. Jumatatu nikienda mkono mtupu, jaji anaitupa kesi nje."

Futi alizima taa ya ngazini. Ilikuwa saa tatu asubuhi, jua limewaka huko nje, lakini mle ndani hakuona hata kiganja chake. Madirisha yote mawili yalikuwa yamezibwa kwa matofali ili kupata stoo za kupangisha. Taa yenyewe ilikuwa mpya, na kitasa cha mlango wa uani kilikuwa kipya pia, kinang'aa kama jino la dhahabu. Vyote viwili viliwekwa siku mbili baada ya mazishi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta; mwenye jengo alingoja watu wazike ndipo akaziba.

Aliandika vipimo vyote daftarini, chini ya maneno ya mama wa marehemu, ambaye ndiye aliyefungua kesi dhidi ya mwenye jengo. Mama huyo, mpishi wa shule, alikuwa ameongea kwa kirefu siku ya kwanza. Hakutaja fidia hata mara moja. "Wote wanasema hawakujua," alisema. "Mimi nataka mtu mmoja tu asimame mbele ya jaji aseme, tulijua. Basi. Nitarudi nyumbani nikalale." Akasema na mengine, ya kumsifu mumewe, na Futi aliyaandika kwa adabu tu, kwani mfiwa hakatizwi.

Mume mwenyewe alikuwa msimamizi wa jengo hilihili. Mke ameshtaki, mume bado anashika funguo za mshtakiwa, na wote wawili wanalala kwenye chumba cha uani cha mshtakiwa. Futi alikuwa amewahoji watu kumi na mmoja katika jengo lile. Yeye alimruka. Alimwonea huruma.

* * *

Mwenye Jengo alimpokea kwa heshima zote katika ofisi yake ya mbele, akampa pole kana kwamba aliyefiwa ni Futi.

"Bibie, jengo hili ninalo miaka ishirini na mbili," alisema. "Hakujawahi kutokea hata kuibiwa sufuria. Wewe niambie, ningezuia vipi jambo ambalo halijawahi kutokea?"

"Kwa nini mafundi hawatumii ngazi za mbele?"

"Za mbele ni za wateja wa maofisi. Mafundi wanabeba marobota, wanachafua."

"Mlango wa nyuma ulikuwa haufungi."

"Hakuna aliyeniambia. Daftari la malalamiko lile pale, lisome ushibe."

Futi alilivuta. Lilikuwa daftari kubwa la jalada gumu, kurasa zake zimepigwa namba kiwandani. Malalamiko yalikuwa ya bomba linalovuja na paka wa duka la viatu. Alisoma polepole, kidole kikifuata namba. Ukurasa wa thelathini na tisa, wa arobaini, wa arobaini na tatu.

Akarudi nyuma. Karatasi moja ilikuwa imetoka, na imetolewa kwa utaratibu, maana kwenye mshono hakukubaki hata kipande. Kulikuwa na jambo jingine pia. Hadi ukurasa wa arobaini mwandiko ulikuwa mdogo, wa duara, umenyooka mstarini. Kuanzia wa arobaini na tatu herufi zilikuwa kubwa na zinayumba, za mtu anayeshika kalamu kama anayeshika nyundo.

"Nani anaandika humu?"

"Msimamizi. Mzee Funguo."

"Mwandiko umebadilika."

"Mimi hata silisomi, bibie. Nina watu wa kunisomea." Mwenye Jengo alitabasamu, akaegemea kiti. "Na kabla hujaniuliza kama nimelichezea, jua kwamba daftari hilo linalala kwenye kabati ya chumba cha funguo. Ufunguo wa kabati ni mmoja, anao mzee. Hata mimi sina. Leo nimemwomba alilete kwa ajili yako. Halafu mzee mwenyewe, baba wa marehemu, hajatamka neno dhidi yangu. Jiulize kwa nini."

Futi alipoliona pengo lile alikuwa na hakika kwamba karatasi imechanwa na bosi. Alitoka hana hakika ya kitu.

* * *

Karakana ilikuwa na cherehani tisa, na zote zilinyamaza alipoingia. Kiongozi wao alikuwa mama wa makamo aliyeitwa Mama Kola, kwa sababu hakuna aliyeshona kola kumshinda.

"Dada, tulishakwambia," alisema, pini mdomoni. "Hatukuona kitu, hatukusikia kitu. Sisi ni wapangaji. Leo tupo, kesho tunaambiwa tuhame."

"Sikuulizi habari za siku ile. Nauliza habari za kila siku. Mnatoka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja."

"Kila mtu kivyake?"

Pini ikatoka mdomoni. "Kwa pamoja. Mzee Funguo anakuja kutuchukua. Anatangulia na tochi, anatikisa funguo zake, sisi nyuma kwa mstari hadi barabarani. Tunaita msafara."

Futi alifungua daftari lake kurasa za mwanzo. Maneno ya mama mpishi yalikuwa pale, yale aliyoyaandika kwa adabu. Baba yake alikuwa anawasindikiza wote kila jioni, kama kuku na vifaranga. Mume mwenye moyo ule utampata wapi?

"Ulianza lini, huo msafara?"

"Aa, ni desturi tu. Toka zamani."

"Zamani ya lini, Mama Kola? Desturi nayo ina siku ya kuzaliwa."

Mama Kola alitazama wenzake. Fundi mmoja alianza kukanyaga cherehani iliyokuwa haina nguo. "Tulikuwa tunashona sare za shule," Mama Kola alisema mwishowe. "Basi ni Januari. Januari ya mwaka huu."

"Kabla ya hapo?"

"Kila mtu alishuka kivyake."

"Sasa Januari kulitokea nini hata mwanamume mzima akaanza kuwasindikiza wanawake kumi na watatu ngazi kumi na saba?"

Ilibidi angoje. Alijua kungoja, alifundishwa na kazi. Mama Kola aliketi, akaweka mikono mapajani, akasema yote kwa sauti ya chini. Mshona vifungo alinyang'anywa mkoba ngazini. Wiki iliyofuata mwingine alivutwa nywele, akachanwa mkono kwa kisu, akaacha kazi na kurudi kwao. Walimwambia Mzee Funguo mara zote mbili.

"Yakaandikwa?"

"Yakaandikwa, kwenye lile daftari kubwa. Aliandika binti yake. Mzee macho hayamsaidii, kazi yote ya kuandika alikuwa anaifanya huyu mtoto." Mama Kola alifuta uso kwa kipande cha bitana. "Tulikuwa tunamwita Mkia, ndiye aliyekuwa wa mwisho msafarani. Alisema baba akiwa mbele na yeye nyuma, katikati hapaibiwi."

Kwenye meza ya pasi, hakuna aliyekuwa ameondoa vitu vyake. Kwenye kanzu moja ya mteja kulikuwa bado kumebanwa kikaratasi: pindo lipunguzwe inchi moja, Jumanne. Mwandiko ulikuwa mdogo, wa duara, umenyooka. Futi aliusoma mara mbili ingawa hapakuwa na cha kusoma mara mbili.

Alitoka hadi kwenye korido akampigia wakili.

"Wezi wa kwanza ninao, tena wawili. Na aliyeambiwa ninaye."

"Bosi?"

"Msimamizi."

Wakili alipumua kwa nguvu. "Inatosha. Msimamizi ni macho na masikio ya mwenye jengo. Akijua yeye, bosi wake kajua, hata kama bosi alikuwa kwake amelala. Lakini lazima aseme mwenyewe, kwa kiapo. Atasema?"

"Ni baba yake, wakili."



* * *

Saa kumi na moja kasoro dakika tano, Mzee Funguo alipanda ngazi za nyuma. Alikuwa mtu mwembamba, shati limefungwa vifungo hadi shingoni, na furushi la funguo likining'inia kiunoni. Taa mpya ilikuwa inawaka, kitasa kipya kimefungwa, lakini tochi aliiwasha vilevile. Alitikisa funguo mlangoni pa karakana. Mafundi wakatoka, wakajipanga, wakashuka.

Futi alikuwa amesimama chini, uani. Mzee alifungua mlango, akajibana pembeni, na kila mwanamke alipopita alimhesabu kwa midomo bila kutoa sauti. Walipita kumi na wawili. Mama Kola alikuwa wa mwisho. Mzee akabaki ameshika mlango, tochi imeelekea juu ngazini, akingoja wa kumi na tatu. Kisha akakumbuka, akazima.

Futi alikuwa amekwishaona maiti nyingi na wauaji wengi kazini. Hakuna hata mmoja aliyemfanya ageuze uso kama alivyougeuza pale.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Alifunga mlango kwa ufunguo, akaujaribu, akaujaribu tena. "Nilijua utafika kwangu. Nimekungoja wiki saba. Nilidhani ungeanza na mimi."

"Ningepaswa kuanza na wewe."

"Umeiona namba?"

"Arobaini na moja, arobaini na mbili."

Mzee aliitikia kwa kichwa taratibu. "Tusisemee hapa. Nikisema hapa, itabidi nikaseme tena kule ndani, na mara mbili siwezi. Twende kwa mama yake."

"Mzee, hulazimiki kusema mbele yake leo. Naweza kuandika maelezo yako sasa hivi, peke yetu."

"Jumatatu atakuwepo?"

"Atakuwepo."

"Basi asisikie kwanza kwa watu."

Chumba chao kilikuwa hatua ishirini na moja kutoka mlango ule. Dirisha la pekee liliutazama, na mama alikuwa amelitundikia shuka zito ili asiuone. Alikuwa ndio kwanza amerudi kutoka jikoni mwa shule, anakanda miguu yake. Aliinuka kumpa mgeni kiti.

"Kaa, Mama," Mzee Funguo alisema. "Kaa kwanza."

Alivua kofia. Kutoka kwenye bitana ya ndani alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne, imelainika kwa jasho, akaiweka mezani. Mama hakuigusa. Alikuwa ameshauona mwandiko.

"Januari wezi waliingia mara mbili," Mzee alisema. Alimwambia mkewe, siyo Futi. "Ya kwanza nilimpelekea bosi kwa mdomo. Akaniambia, Funguo, jengo langu halina wezi. Kama lina wezi, basi halina msimamizi. Nikaelewa. Ya pili ilipotokea, mtoto akaiandika yeye, zote mbili, akaomba na taa na kitasa. Akasema, baba, bosi akisoma ataona aibu. Mimi nikaona tutalala wapi. Nikaichana."

"Uliichana," mama alisema.

"Niliichana."

"Yeye alikuwepo?"

"Alikuwepo. Hakusema kitu. Tangu siku ile hakuniandikia tena daftarini. Nikamwambia, usiogope, mwanangu, mimi mwenyewe nitakuwa kitasa. Nitawashusha wote kila jioni. Na niliwashusha. Sikukosa hata siku moja."

"Jioni," mama alisema.

"Jioni. Mchana nilikuwa napanda mwenyewe kuchukua chakula, ili asishuke. Siku ile bosi alinituma kwake nikapokee friji." Sauti yake ilikuwa imebaki ileile, ya mtu anayesoma orodha ya vyumba. "Mtoto alinisubiri. Akaona chakula kinapoa."

Futi aliandika. Alikuwa amejifunza kuandika bila kutazama karatasi, na leo aliitazama, kwa sababu hakuwa na pengine pa kutazama. Kesi walikuwa wameishinda pale pale, juu ya meza ile. Alikuwa na wezi wawili wa kwanza, na mtu aliyeambiwa, na ushahidi wa maandishi wenye tarehe. Hakuwahi kuchukia kushinda namna ile.

"Nimemsifia kwa majirani," mama alisema. "Msibani pale. Nilimwambia kila aliyekuja, mume wangu alikuwa anawasindikiza. Hata huyu dada nilimwambia. Mimi ndiye niliyemwambia." Alimgeukia Futi. "Ndivyo ulivyojua, eti?"

Futi angeweza kumtaja Mama Kola. "Ndiyo, mama," alisema. "Ilianzia kwako."

"Kama angekuwa hapendi, asingewasindikiza."

"Asingewasindikiza."

"Na kama angekuwa hajui, asingewasindikiza."

"Ndivyo wakili atakavyosema, mama."

Wahenga wana neno lao, mficha maradhi kilio humfichua. Mama aliliacha bila kulitamka, na hilo lilikuwa jambo la huruma kuliko yote yaliyofanyika katika chumba kile. Aliketi akitazama mikono ya mumewe, ile iliyochana karatasi na ile iliyoshika tochi, na mikono ilikuwa ni hiyohiyo miwili.

"Niliomba mtu mmoja asimame aseme tulijua," alisema. "Nimempata."

"Mke wangu."

"Jumatatu utasimama. Utasema na la bosi, neno kwa neno, lile la jengo halina wezi. Utasema na la taa na la kitasa. Lakini utakapokuwa unasema, usinitazame mimi. Mtazame jaji."

"Nitamtazama jaji."

"Na chumba hiki tutakiacha kabla hajatutoa. Sitaki kutolewa."

Mzee Funguo alilifungua furushi kiunoni, akaliweka mezani kando ya karatasi. Bila funguo alionekana mfupi zaidi. Futi alimsogezea maelezo na kalamu, akamwonyesha pa kutia sahihi kwa kidole, kwa sababu ya macho yake. Aliandika jina lake kwa herufi kubwa zinazoyumba, akachukua muda.

Ikabaki karatasi. Ilikuwa kielelezo, bila hiyo yote yangekuwa maneno ya mzee mmoja dhidi ya tajiri mmoja. Futi alitoa bahasha mkobani, akaandika tarehe na saa, akaifungua mdomo.

"Mama, naiomba."

Mama alikuwa ameshaichukua. Aliikunjua mikunjo minne, akailaza juu ya goti, akainyoosha kwa kiganja kuanzia katikati kwenda pembeni, jinsi mtu anavyopiga pasi.

"Ngoja nimalize kuisoma," alisema.

Karatasi ilikuwa na mistari sita. Futi aliweka bahasha mezani, akarudi kukaa, akangoja.